Wako Wapi Watu wa Harusi?

Nina ugomvi na wapiga picha za harusi, ndugu msomaji, na leo nausema waziwazi. Nina ugomvi vilevile na kamati zinazowaajiri na wazazi wanaowalipa, na katika wazazi hao mimi nimo. Nimezaliwa Ruponda. Nimefundisha shule za Nachingwea na za Ruangwa tangu wilaya hizi mbili zilipokuwa wilaya moja, kabla ya kugawanywa 1995, na pilau la harusi nililokula katika vijiji vya huku lingejaza lori. Kwa hiyo ninapolaumu, silaumu kwa kusikia.

Kilichonichokoza ni maneno manne: picha zisizopitwa na wakati. Niliyasoma mara ya kwanza mwaka 2017, nilipokuwa namwoza binti yangu mjini Ruangwa. Msimu ule korosho ilikuwa imeshika bei, mnadani ilifika shilingi 4,000 kwa kilo, na kila mwenye shamba alijiona tajiri. Kamati ikaamua kwamba lazima tuwe na mpiga picha wa maana, si hawa wetu wa stendi. Akaletwa kijana kutoka mji mkubwa, mwenye mabegi matatu na msaidizi wa kumshikia taa, akatupa karatasi ya bei. Bei ya chini ilikuwa ya picha za kawaida. Bei ya kati ilikuwa na video ndani yake. Bei ya juu, ambayo ndiyo niliyolipa kwa upumbavu wa baba mwenye korosho, iliandikwa maneno hayo manne.

Nikamwuliza maana yake. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, hizo hazichuji. Hata miaka hamsini ijayo wajukuu watazitazama." Nikaridhika, nikatoa fedha. Laiti ningemwuliza swali moja zaidi: hao wajukuu watamtazama nani?

Kabla sijaieleza harusi hiyo, nianze na picha iliyoko ukutani kwangu.

Ni picha ya harusi ya dada yangu mkubwa, iliyopigwa Ruponda mwaka 1968. Ukubwa wake ni wa postikadi. Mpiga picha alikuja kwa baiskeli kutoka Nachingwea mjini, amefunga kamera yake kwenye keria kwa ukanda wa mpira, na mkanda wake wa picha ulikuwa umebakiwa na nafasi tatu tu, kwa sababu njiani alipitia harusi nyingine. Nafasi tatu! Ya kwanza iliungua. Ya pili waliichukua upande wa mume. Ya tatu ndiyo hii. Na kwa kuwa nne haikuwapo, baba yangu alisimama katikati ya uwanja akaita watu wote, wa mezani na wa jikoni, wenye viatu na wasio na viatu.

Nimewahesabu mara nyingi. Wapo watu thelathini na mmoja, mbuzi mmoja, na nusu ya kuku.

Dada yangu yuko katikati, ana miaka kumi na saba, amejitanda kanga na anatazama chini kama alivyofundwa. Shemeji yangu amevaa kanzu na koti alilolishika vifungo kwa mkono mmoja muda wote, maana lilikuwa la kuazima na lilimbana. Mashahidi wawili wameketi vitini, kulia na kushoto, wakijua kabisa umuhimu wao. Shehe ana kitabu chake. Bibi yetu mzaa baba ana ndonya mdomoni, kama walivyokuwa nayo wanawake wengi wa Kimwera wa umri wake, na anacheka hata ndonya imeinuka. Mjomba mmoja ameshika baiskeli isiyo yake. Baba mdogo amebeba redio begani. Redio ile haikuwa na betri tangu Ramadhani. Wapishi wamekuja na miiko yao, na wa mwisho kabisa upande wa kulia ni mama yangu, mguu mmoja ndani ya picha na mguu mmoja nje, kama mtu anayesema fanyeni haraka, wali utaungua. Mimi nimechuchumaa mbele, nina miaka tisa, nimefumba macho.

Kando yangu amechuchumaa binamu yangu wa kike, wa miaka minne hivi. Surua ilimchukua mwaka uliofuata. Mama yake aliishi hadi uzeeni, na kila alipokuja kwetu aliomba aonyeshwe picha kabla hata ya kupewa maji. Hakuwa na nyingine ya mtoto yule. Aliishika kwa pembe, akaitazama, akairudisha, na sisi sote tulinyamaza mpaka amalize.

Nyuma ya watu hao inaonekana nyumba ya babu yangu, nyumba niliyozaliwa. Mwaka 1974 tulihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba ikabaki pale, ikaliwa na mvua. Leo hapo pana mikorosho tu. Nikitaka kumwonyesha mtu nilikozaliwa, namwonyesha harusi ya dada yangu.

Sasa twende Ruangwa, mwaka 2017.

Ndoa ilifungwa asubuhi nyumbani kwangu. Usiku kucha akina mama walikuwa motoni, na mkuu wao alikuwa dada yangu yuleyule, sasa mjane wa miaka sitini na sita, mpishi aliyekuwa akiitwa kwenye harusi kuanzia Mnacho hadi Naipanga. Ndoa ilipokwisha, watu walikusanyika chini ya mwembe bila kuambiwa, kama watu wa huku walivyozoea, wakijua kwamba sasa ni picha. Kijana wetu akatazama mahali pale kama daktari anavyotazama kidonda. Akasema nyuma kumechafuka. Kulikuwa na masufuria, moshi, turubai la bluu la kukodi, na akina mama wenye kanga za jikoni. Akawapakia maharusi garini, akawapeleka kwenye bustani ya nyumba ya wageni yenye nyasi zilizokatwa vizuri, wakakaa huko saa nzima na nusu. Watu waliosimama chini ya mwembe wakasubiri, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wazee kwanza, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Maharusi waliporudi, ukumbini, kijana alitaka kuwapiga wakiingia mlangoni. Akina mama walikuwa wamejaa pale kwa vigelegele. Akasema, "Akina mama, naomba msogee, mnaingia kwenye picha." Wakasogea. Dada yangu hakusikia, sikio lake moja lilikuwa zito. Mimi, mdogo wake, niliyechuchumaa miguuni pake mwaka 1968, nikamshika mkono nikamwambia, "Dada, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Akanitazama akasema, "Haya mwalimu." Akasogea.

Alifariki masika ya 2019. Wajukuu zake walitaka picha yake ya kuweka, nikawaambia msiwe na wasiwasi, picha zipo, nililipa bei ya juu. Tukakaa na binti yangu, tukachomeka flashi kwenye kompyuta ya kuazima, tukatazama. Zilikuwa picha 1,140. Pete peke yake ilikuwa na picha sitini na tatu. Viatu vya bibi harusi vilipigwa vikiwa vimetundikwa kwenye tawi la mti. Hadi leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini viatu vitundikwe mtini. Gari tulilokodi lilipigwa pande zote nne, utadhani linauzwa. Dada yangu tulimpata katika picha moja tu. Ni picha ya sahani ya bwana harusi, na ukingoni mwake kuna kiwiko cha mkono wa kulia, mwiko, na pembe ya kanga yenye nusu ya maandishi. Nimejaribu sana kuisoma nusu ile. Haisomeki, maana kamera ililengwa kwenye sahani.

Wajukuu wakapewa nakala ya picha ya 1968. Mdogo wao akauliza, "Huyu msichana ni nani?"

Basi sasa tubishane, ndugu msomaji, maana najua yatakayosemwa.

Kwanza nimalizane na ujanja wa rangi. Katika ile bei ya juu, picha thelathini zilikuwa zimeondolewa rangi kwa kompyuta zikawa nyeusi na nyeupe, na hiyo ndiyo iliyoitwa kutopitwa na wakati. Lakini picha nyeusi na nyeupe ya zamani haikudumu kwa sababu ya kukosa rangi. Ilidumu kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa. Taswira yake ni chembe za madini ya fedha zilizoshikwa kwenye utando wa gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, na kama picha ilisafishwa vizuri chembe hizo hukaa miaka mingi sana. Nasema kama ilisafishwa vizuri, kwa sababu dawa ya mwisho ya kukazia picha lazima ioshwe kwa maji mengi, na maji huku kwetu yamekuwa shida siku zote. Picha nyingi za wakati ule zilizopiga manjano hazikupata uzee, zilikosa ndoo moja ya maji. Na gundi ile mende huipenda. Lakini picha ya kompyuta iliyofutwa rangi, ukiipeleka studio, inachapwa kwenye karatasi ileile na kwa rangi zilezile za picha nyingine. Hakuna chembe moja ya fedha iliyoongezeka, ila ile iliyotoka mfukoni mwangu.

Harusi yangu mwenyewe ilikuwa 1984, wakati picha za rangi zilipokuwa ndiyo fahari ya mjini. Mkanda ulipelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Daraja la Rufiji halikuwapo, lilikuja kufunguliwa 2003, na masika barabara ya kusini ilikuwa ikifungwa, basi picha zangu nilizipata mke wangu akiwa na mimba ya miezi minne. Tulizibandika kwenye albamu ya gundi yenye nailoni juu. Leo sote katika albamu ile ni wekundu kama tuliopakwa udongo wa kichuguu. Rangi ya samawati katika picha za miaka ile ndiyo hukimbia mapema, hata ukiifungia kabatini, na gundi ya albamu inamalizia kazi. Lakini hapa nataka msikilize vizuri: picha zile nyekundu, zilizoharibika, zinapendwa nyumbani kwangu kuliko zote 1,140 za flashi. Watoto wakija wanazifunua. Wanauliza, huyu ni nani, na huyu aliyevaa suruali pana kama gunia ni nani. Nami nawajibu.

Wapo watakaosema, mwalimu anapenda picha za kale kwa sababu ya ukale wake, na hata zamani watu walidanganya. Nakubali. Tena nitawasaidia hoja. Mjomba na baiskeli ya mwenziwe, baba mdogo na redio bubu, shemeji na koti la kuazima: huo ulikuwa uongo mtupu. Studio za mjini zilikuwa na pazia lililochorwa bahari, ndege au maua, na mtu asiyewahi kupanda hata lori alipigwa picha mbele ya ndege. Kule Lamu alikuwako fundi mmoja, Omar Said Bakor, mwenye studio ya jina lake, aliyefariki 1993, ambaye alikata picha na kuziunganisha, akawaweka watu mahali ambapo hawakuwahi kukaa. Na shela jeupe tunalolikodi kwa fedha nyingi, tukidhani liliteremka pamoja na ndoa yenyewe, lilienezwa na Malkia Victoria wa Uingereza aliyelivaa siku ya harusi yake mwaka 1840. Bibi zetu waliolewa bila hilo na ndoa zikasimama.

Kwa hiyo sigombani na mitindo. Gari la kukodi, sawa. Miwani ya jua usiku, haya. Baada ya miaka hamsini vitu hivyo vitachekesha na kupendeza, kama redio ya baba mdogo inavyonichekesha mimi, kwa sababu vitaeleza watu wa 2017 walitamani nini. Hapo ndipo kijana wetu alipokosea, na si yeye peke yake, ni wote wanaofundishwa kazi hii siku hizi. Alidhani picha haitapitwa na wakati ikiondolewa dalili zote za wakati wake na za mahali pake. Akaondoa moshi, akaondoa turubai, akaondoa masufuria, akawaondoa wanawake. Akawasimamisha watoto wetu kwenye nyasi ambazo ukiniambia ni za Nairobi nitakubali, ukiniambia ni za Dubai nitakubali. Picha ile haina mwaka, haina mji, haina ukoo. Kitu kisicho na wakati kitapitwa na nini? Na nani atakikumbuka?

Pale Mji Mkongwe, Unguja, iko Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe. Watu wameingia pale miaka nenda rudi kutazama picha za kale, nami niliingia mara moja, katika safari pekee niliyowahi kwenda Unguja. Sikuona mtu aliyesimama mbele ya picha kwa sababu ilikuwa na mwanga mzuri. Walikuwa wakionyeshana kwa kidole: barabara hii ilikuwa hivi, tazama kofia hii, duka la fulani lilikuwa hapa. Walikuwa wakitafuta kilekile ambacho mpiga picha wangu alikiita uchafu.

Nitakwenda mbele zaidi. Nasema picha isiyo na watu wa harusi si picha ya harusi. Ni picha ya vijana wawili waliovaa vizuri. Ndoa yetu ya Kiislamu inataka walii na mashahidi wawili. Padri wa Mnero naye hafungishi ndoa bila mashahidi. Hata serikali inajua hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, watachukuliwa kuwa wamefunga ndoa mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Sifa hiyo inatoka wapi kama si machoni pa majirani? Nimekaa katika vikao vya mirathi visivyopungua sita, na katika kila kimoja, wajane walipoanza kusukumwa na ndugu wa marehemu, swali lilikuwa hilohilo: siku ile nani alikuwapo? Mara moja tu nimeona mjane akitoa picha. Ilikuwa ya kundi, imeliwa pembe na mchwa, na shemeji yake aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote alikuwa amesimama mstari wa pili, kijana, anacheka. Kikao kiliisha kabla ya chai. Sasa jiulize, mjane huyo angetoa picha ya viatu mtini, ingemsaidia nini?

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Wako wanawake wasiotaka kupigwa picha, hasa siku hizi ambapo picha ya jikoni asubuhi inaweza kuwa kwenye simu za watu wa Mwanza jioni. Lamu na Mombasa jambo hili limeleta mabishano makubwa, na ziko sherehe za wanawake huko ambako kamera haziruhusiwi, au mpiga picha lazima awe mwanamke. Wana haki. Huku kwetu pia yapo mambo ya wanawake ambayo hayahusu kamera, na mambo ya unyago yabaki unyagoni. Lakini mtu aliyekataa na mtu aliyesukumwa si mamoja. Dada yangu hakukataa. Alikuwa amekuja mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, amevua kanga ya moshi na kuvaa mpya.

Nimefikiri sana kwa nini kijana mwenye adabu namna ile alifanya vile, na jibu nililolipata halihusu ubaya wa moyo. Ni biashara. Kamati huchagua mpiga picha kwa kutazama picha alizopiga kwenye harusi za watu wengine. Ukitazama harusi ya watu usiowajua, shangazi yao hana maana kwako. Utatazama nguo, mwanga, gari. Kwa hiyo kijana anapiga picha za kumfurahisha mteja wake wa kesho, ambaye hatujui, na sisi wa leo tunamlipa. Tulimlipia matangazo yake. Wala simlaumu peke yake kwa kula kwenye meza tuliyoiandaa wenyewe. Mpiga picha wa baiskeli hakuwa mtakatifu kuliko huyu, alikuwa mlevi ajulikanaye, ila riziki yake ilitokana na kuuza nakala. Kila mtu aliyeonekana kwenye picha alikuwa mteja wa nakala moja, kwa hiyo alitaka nyuso nyingi iwezekanavyo. Uchoyo wake ulitufaa.

Sidai mikanda irudi. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Januari 2012, na mimi si mwendawazimu wa kudai kwamba mto urudi mlimani. Kamera za sasa ni nzuri kupita kiasi. Ile ya kijana wetu ingeweza kumpata dada yangu gizani, jikoni, kwa mwanga wa moto peke yake, jambo ambalo yule wa baiskeli asingeliweza kamwe. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Kamera ya nafasi tatu iliwaweka watu thelathini na mmoja, na kamera ya nafasi zisizohesabika ikakosa nafasi ya mpishi.

Na hata hizo 1,140 ziko wapi? Flashi ile ilikufa mwaka 2021, binti yangu akaichomeka ikawa haifunguki. Zimebaki zile zilizotumwa kwa simu, ambazo zilipunguzwa ubora zilipokuwa zikitumwa, na nyingine zilikwenda na simu ya mkwe wangu iliyoibwa Lindi stendi. Hakuna aliyechapisha hata moja isipokuwa ile kubwa ya fremu, maharusi wawili kwenye nyasi. Nikishauri watu wachapishe picha kumi tu za karatasi, waandike nyuma kwa penseli majina, kijiji na mwaka, wazihifadhi kwenye bahasha kavu mbali na jua, wananitazama kama mtu anayeuza dawa ya mchwa. Naam, dawa ya mchwa nayo itahitajika.

Juma lililopita nimeletewa kadi ya mchango. Mjukuu wa dada yangu anaoa Nachingwea, baada ya watu kuuza ufuta, na kamati imenipangia kiasi ambacho sitakitaja. Nimeuliza, nikaambiwa mpiga picha ameshapatikana, ana ile kamera ya kuruka angani. Nikaigeuza kadi, nikaandika nyuma yake majina ya watu arobaini na wawili: mashahidi, walii, wapishi wote saba, mchimba kisima, kungwi wa bibi harusi ikiwa mwenyewe ataridhia, mama mmoja wa Stesheni asiyeweza kutembea ambaye itabidi abebwe na kiti chake. Chini nikaandika kwamba picha hiyo ipigwe kwanza, kabla ya jua kupanda na kabla ya maharusi kuingia garini, mbele ya nyumba ileile walikopika, na masufuria yasiondolewe. Mchango wangu nitautoa taslimu, palepale, watu wakishasimama.

Katibu wa kamati hajanijibu. Nimesikia anauliza watu kama mwalimu ni mzima.